Jinsi ya Kuwasimamia Maajenti wa Nyumba na Viwanja Malindi: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Ofisi

Jioni moja ya Desemba, pikapu mbili zilizojaa magodoro na masufuria zilisimama mbele ya nyumba moja Muyeye. Familia mbili, nyumba moja, na kila upande una ufunguo. Familia ya kwanza ilikuwa na risiti ya ofisi yangu. Ya pili ilikuwa na ujumbe wa M-Pesa: kodi na depositi zilikuwa zimeingia kwenye simu ya ajenti wangu, kijana niliyekuwa nikimsifu kila Jumatatu mbele ya wenzake. Hao wa pili walikuwa na mtoto wa wiki tatu. Nililipa mimi, chumba cha kulala usiku ule na pesa zao zote, kwa sababu yule mama hakujua kwamba analipa kijana. Alijua analipa ofisi iliyoandikwa jina lake kwenye fulana ya kijana.

Wengi wetu wenye ofisi za nyumba na viwanja hapa Malindi, Watamu na Mambrui tunajua kutafuta mali na kutafuta wateja. Kusimamia watu hatukufundishwa na yeyote. Tunampigia ajenti simu kumuuliza "uko wapi?", akijibu "niko Casuarina na mteja" tunaridhika. Tangu jioni ile ya Muyeye nimebadilisha namna ya kufanya kazi, na hapa naeleza hatua kwa hatua. Ajenti anapotoka mlangoni hubeba vitu vyako vitatu: ufunguo, pesa na neno. Ukijua kila kimoja kimepita wapi, hutakuwa na haja ya kumwandama mtu siku nzima.

Hatua ya 1: Elewa kwamba cheti ni chako

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ya mwaka 1984, na kazi hii husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala. Kuifanya bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na cheti cha kufanyia kazi huhuishwa kila mwaka. Kikining'inia ukutani kimepitwa na tarehe, huna pa kusimama kumfokea ajenti aliyekosea.

Mbele ya mteja na mbele ya mahakama, kosa alilofanya ajenti akiwa katika kazi yako hukurudia wewe. Kwa hivyo kabla hujaajiri, jiulize unaweza kuwasimamia wangapi kwa dhati. Mimi nimegundua mwisho wangu ni sita. Nilipokuwa na kumi na mmoja nilikuwa najua majina yao tu.

Na wale madalali wa kujitegemea wanaokuja na wateja wao? Wapokee, wanajua mji huu kuliko ramani yoyote. Lakini wasipewe fulana yako, wala risiti zako, wala funguo. Dalali anakuletea mteja, wewe unamwandikia makubaliano ya ujira wake kwa mali hiyo moja, basi. Ofisi nyingi zimeingia matatani hapa, ambapo mtu wa nje anajulikana mtaani kama mtu wa ndani.

Hatua ya 2: Andika makubaliano kabla ya siku ya kwanza

Karatasi ya ajenti ieleze mambo ya kawaida: ni mwajiriwa au ni wa kamisheni, analipwa lini, likizo, na makato ya kisheria kama ni mwajiriwa. Kwa hayo tafuta mhasibu na wakili wakuandikie. Mimi nataka tuongee kuhusu vifungu viwili vinavyoachwa.

Cha kwanza ni cha juu. Kila mtu katika kazi hii analijua neno hili. Mwenye nyumba amesema 25,000, ajenti anamwambia mpangaji 30,000, tofauti anaiweka mfukoni. Kwenye kiwanja tofauti hiyo huwa laki kadhaa. Wapo wanaoiona kuwa ujanja wa biashara. Kwangu ni wizi wa pande mbili: unamwibia mnunuzi pesa zake na unamwibia mwenye mali mteja ambaye angeweza kumlipa vizuri zaidi. Andika kwa Kiswahili wazi kwamba bei inayotajwa kwa mteja ni ile iliyo kwenye faili, na kwamba anayeongeza cha juu amevunja makubaliano. Halafu hakikisha na wewe mwenyewe huongezi. Ajenti akikuona mara moja unamwambia mwenye mali bei nyingine, karatasi yako haina kazi tena.

Cha pili ni mgawo wa kamisheni. Ugomvi mwingi ofisini hautokani na uvivu, unatokana na swali la nani alileta nini. Andika mapema: aliyemleta mwenye mali anapata sehemu gani, aliyemleta mteja sehemu gani, na aliyefuatilia karatasi hadi mwisho anapata nini. Andika pia kwamba kamisheni hulipwa baada ya pesa kuingia benki, na kwamba ikitoka hutoka ndani ya siku kadhaa zinazotajwa. Ukimzungusha ajenti wiki sita kwa haki yake, atajifunza kujilipa mwenyewe.

Hapa niseme jambo la Malindi hasa. Sisi huishi kwa misimu. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi karibu na Pasaka, wageni wako, majumba ya kifahari yanapangishwa, kila mtu ana pesa. Kusi ikianza kuvuma, mvua za Mei zikaja na mwani ukatanda ufukweni, hoteli hufunga na simu hunyamaza. Ajenti wa kamisheni tupu anaweza kukaa miezi mitatu bila shilingi, na ana watoto, na ana funguo za nyumba ishirini. Nikipitia visa vyote vilivyonitokea, vingi vilianzia Mei na Juni. Ndiyo maana sasa ninalipa posho ndogo ya kila mwezi wakati wa kusi, ninaikata kidogo kidogo kwenye kamisheni za Desemba, na kazi ya miezi hiyo inakuwa kupiga picha upya, kuhakiki karatasi na kukagua nyumba. Posho hiyo ni sehemu ya usimamizi, na ndiyo iliyonisaidia kuliko ukaguzi wowote.

Hatua ya 3: Mali isiingie kwenye orodha kabla ya wewe kuikubali

Ajenti mchangamfu huja akikimbia: "Mzee, nimepata ploti safi Mayungu, mwenyewe anauza haraka." Hilo neno "haraka" ndilo la kukufanya upunguze mwendo. Weka sheria kwamba hakuna picha itakayopigwa wala tangazo litakalotoka hadi fomu ya kupokea mali ijazwe na isainiwe na wewe. Fomu yangu ina kurasa mbili, na ajenti lazima aweze kujibu maswali haya kwa karatasi, asijibu kwa kusikia.

Nyumba na ardhi ni za mtu mmoja? Huku pwani hili ni swali la kwanza. Tuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine na hulipa kodi ya kiwanja. Hata minazi yaweza kuwa ya mtu wa tatu. Mwenye nyumba anaposema "nauza nyumba yangu Barani" amesema kweli kabisa, lakini mnunuzi kutoka Nairobi anasikia nyumba pamoja na ardhi. Ajenti asipouliza, mnunuzi atakuja kujua siku mwenye kiwanja anapogonga mlango.

Hati inasemaje, na upekuzi rasmi unasemaje? Hati mkononi haitoshi. Upekuzi kwenye sajili ya ardhi huonyesha mmiliki aliyeandikwa, mkopo wa benki kama upo, na zuio lolote lililowekwa. Uwe wa karibuni. Mimi sikubali uliozidi mwezi, na tunaurudia wiki ya kusaini. Aulizie pia kodi ya ardhi ya kaunti ya Kilifi imelipwa hadi lini.

Mwenye jina yuko hai? Ardhi nyingi za zamani bado ziko kwa jina la babu. Warithi wakiwa saba na mmoja anauza, hapo hakuna cha kutangaza hadi mirathi ipite mahakamani. Kwa Waislamu yaweza kuwa mahakama ya Kadhi. Ajenti aandike majina ya warithi wote aliowasikia, hata wale wanaoishi Jeddah au Mombasa. Na akisikia neno wakfu, yaani mali iliyowekwa kwa ajili ya dini, hisani au jamaa, popote katika mazungumzo, asimame hapo hapo arudi ofisini. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali nyingine.

Ana mke au mume? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inagusa jambo hili, na Waislamu wana nafasi ya kufuata sheria yao. Uamuzi ni wa wakili. Kazi ya ajenti ni kuuliza na kuandika.

Ni ardhi ya kilimo? Ukitoka mjini kuelekea Ganda au Mambrui mashamba mengi ni ya kilimo, na kuyauza kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

Nani anakaa hapo sasa? Hili halijibiwi na karatasi yoyote. Ajenti aende mwenyewe, aone mawe ya mipaka, aongee na jirani wa pande zote na mzee wa mtaa, apige picha ya kila kibanda na kila shamba la mihogo. Historia ya ardhi pwani ina wamiliki wasioonekana na watu waliolima vizazi viwili bila karatasi. Kuuza kiwanja chenye watu ukajifanya hukuwaona ni kumuuzia mteja kesi, na ni kuwadhulumu waliomo.

Nakubali kwamba fomu hii inachelewesha. Tumewahi kupoteza mali kwa ofisi nyingine iliyotangaza siku hiyo hiyo. Bado naishikilia.

Fomu ikikamilika, mwenye mali asaini barua ya kukukabidhi kazi: bei, kamisheni, muda, na jina la ajenti anayemhudumia. Nakala moja apewe. Barua hiyo ndiyo inayomzuia ajenti kwenda kwa mwenye mali usiku akamwambia "tufanye mimi na wewe tu, ofisi tuiruke."

Hatua ya 4: Funguo

Nunua kabati la funguo lenye kufuli na daftari kubwa la mistari. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na ufunguo ni mali. Kila ufunguo uwe na namba, usiandikwe jina la nyumba wala mtaa. Ukidondoka sokoni aliyeuokota asijue ni wa wapi. Ajenti anasaini saa aliyouchukua, nyumba anayokwenda, jina la mteja, na saa aliyorudisha. Ufunguo haulali nyumbani kwa mtu. Kama amemaliza saa mbili usiku, aupeleke kwa msaidizi uliyemteua. Mpangaji mpya akiingia, badilisha kitasa. Gharama yake ni ndogo kuliko ile niliyolipa Muyeye.

Nyumba zinazomilikiwa na wageni ziko hatarini zaidi. Mwenyewe yuko Ulaya miezi tisa kwa mwaka, ametuachia ofisi ufunguo, na askari na mtu wa bustani wamezoeana na ajenti. Wikendi moja ya "marafiki kutoka Nairobi" inaingiza pesa ambazo mwenye nyumba hatazijua. Njia ya kulijua hili bila kumshuku kila mtu ni kusoma mita. Kila Jumatatu mmoja wenu anapita kwenye nyumba zote zilizofungwa na kupiga picha mita ya stima na mita ya maji. Nyumba tupu ina friji na taa za nje, na ukishaandika kwa mwezi mmoja unajua inakula yuniti ngapi kwa wiki. Wiki ambayo mita ya maji imeruka na mtu wa bustani anasema "nilimwagilia zaidi", nenda ukaone hayo majani. Msomaji wa mita asiwe ajenti wa nyumba hiyo. Wabadilishane kila mwezi.

Tangu tuanze kusoma mita, sijalazimika kumuuliza ajenti hata mmoja swali la aibu. Wanajua namba zinasomwa, na hilo limewalinda hata wao, maana zamani kitu kikipotea kwenye nyumba wote walikuwa washukiwa.

Hatua ya 5: Pesa zisipite mkononi mwa ajenti

Sheria hii haina ubaguzi, si kwa shemeji yako, si kwa ajenti wa miaka kumi. Pesa zote zinaingia kwenye namba ya malipo ya ofisi au akaunti ya benki ya ofisi. Namba hiyo ibandikwe ukutani, iandikwe kwenye mkataba, iandikwe nyuma ya kadi ya ajenti pamoja na maneno haya: "Usilipe pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiombwa, tupigie." Mpe mteja nguvu ya kukusaidia kusimamia.

Ada ya kuonyeshwa nyumba ndiyo mlango mdogo unaoachwa wazi. Ajenti anaomba mia tano hapa, elfu moja pale, kwa nauli ya tuktuk. Mimi niliifuta kabisa. Nauli natoa mimi asubuhi, inaandikwa, na mteja haombwi kitu kabla hajapata nyumba.

Pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya peke yake, mbali na ya matumizi ya ofisi. Depositi ya mpangaji si mtaji wako. Ofisi inayolipa mishahara kwa depositi, siku wapangaji watatu wakihama mwezi mmoja, itaanza kudanganya, na maajenti watakuwa wanaangalia na kujifunza.

Arbuni ya kiwanja, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, ina utaratibu wake. Mauziano ya ardhi Kenya lazima yawe kwa maandishi, yasainiwe na pande zote, na saini zishuhudiwe. Arbuni iliyotolewa mkononi chini ya mwembe kwa "karatasi tutaandika kesho" inaleta machozi tu. Kwa hivyo ajenti asiruhusiwe hata kuizungumzia. Mteja akisema yuko tayari, ajenti anampigia wakili na wewe, na pesa zinapitia kwa wakili au benki. M-Pesa yenyewe ina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja. Mteja anayetuma mara tatu mfululizo kwa pesa za kiwanja anastahili kuulizwa kwa nini haendi benki.

Hilo linanileta kwenye pesa zenye mashaka. Chini ya sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha, ofisi za nyumba na ardhi ni miongoni mwa taasisi zinazotakiwa kuwajua wateja wao, kutunza kumbukumbu kwa miaka isiyopungua saba, na kutoa taarifa kwa Kituo cha Ripoti za Fedha wanapoona jambo la kushuku. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, na macho yameongezeka. Mfundishe ajenti kwa mifano: mnunuzi anayetaka kulipa taslimu kutoka kwenye begi, anayekataa kutoa pasipoti, anayenunua kwa jina la mtu asiyeonekana, anayekubali bei bila kuona kiwanja. Ajenti akiona hivyo anakuambia wewe peke yako. Hamwambii mteja kwamba ameripotiwa, kwa kuwa kumtonya ni kosa jingine.

Mwisho wa mwezi, tuma taarifa ya kodi moja kwa moja kwa kila mwenye nyumba, kutoka ofisini, isipitie kwa ajenti. Iandike kodi yote iliyoingia kabla ya makato, maana yeye ndiye anayedaiwa kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa mkazi wa Kenya ambaye nyumba zake za kuishi zinaingiza kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Mwenye nyumba akiona taarifa imeandikwa "tupu" na yeye amepita akaona nguo zimeanikwa, atakupigia.

Hatua ya 6: Neno

Ufunguo una daftari, pesa zina risiti. Neno linasemwa ndani ya tuktuk na hakuna anayelisikia, na ndilo lenye madhara ya muda mrefu. Hapa ndipo usimamizi unapokuwa mgumu.

Anza na maneno yasiyoruhusiwa. Vijana wetu wengi wamejifunza Kiitaliano ufukweni, wanakizungumza vizuri, na ni hazina kwa ofisi. Lakini Kiitaliano cha kuuzia samaki au safari ya mashua hakina maneno ya umiliki wa ardhi. Ajenti anamwambia mgeni "itakuwa yako milele, na ya watoto wako." Si kweli. Kwa ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa ya raia iwapo tu inamilikiwa yote na raia, kwa hivyo ile hadithi ya "fungua kampuni, umweke rafiki yako Mkenya ndani" haisemwi kutoka mdomo wa mtu wangu. Mwombe wakili aandike sentensi tano kwa Kiitaliano na Kiingereza kuhusu umiliki wa mgeni. Ajenti azihifadhi na azisome kama zilivyo, asiongeze.

Vivyo hivyo kuhusu ufuo. Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ajenti akimpeleka mteja Mayungu au Silversand maji yakiwa yametoka, kiwanja kinaonekana kufika hadi kwenye miamba. Mimi nimeweka sharti: kiwanja cha baharini kionyeshwe mara mbili, na mara moja lazima iwe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Mteja aone bahari inapofika kweli. Tumepoteza wauzaji wawili kwa sharti hili. Wanunuzi wamelipenda.

Kisha nenda nao. Ajenti mpya, fuatana naye mara tano za mwanzo, wewe ukiwa kimya nyuma. Ajenti wa zamani, mara moja kwa mwezi. Usimkatize mbele ya mteja isipokuwa anasema uongo utakaomuumiza mtu. Mengine mtayazungumza mkirudi, akiwa amekaa na amekunywa maji.

Chombo changu kikubwa cha kusikia neno ni simu ya jioni. Kila mteja aliyeonyeshwa nyumba siku hiyo anapigiwa simu na ofisi, si na ajenti, na anaulizwa mambo matatu. Ulionyeshwa nyumba zipi? Uliambiwa bei gani? Uliombwa pesa yoyote? Dakika mbili. Swali la pili linafichua cha juu, la tatu linafichua nauli na "ada", la kwanza linafichua nyumba zisizo zetu ambazo ajenti anazionyesha kwa muda wetu. Waambie maajenti tangu mwanzo kwamba simu hizi zinapigwa. Kupima watu kwa siri huharibu moyo wao. Kupima kwa uwazi kunamsaidia aliye mwaminifu, kwa kuwa sifa zake zinafika kwako bila yeye kujisifu.

Matangazo nayo ni neno. Ajenti akiweka nyumba kwenye Facebook au WhatsApp atumie picha na maandishi yaliyopitishwa na ofisi, bei ileile, na namba ya ofisi. Nyumba ikishapangishwa, tangazo litolewe siku hiyo. Kuacha nyumba iliyokwisha chukuliwa kama chambo cha kuvutia wapigaji simu ni kuwapotezea watu nauli na matumaini. Na nakala za vitambulisho na pasipoti za wateja zisikae kwenye simu za maajenti. Zitumwe ofisini, zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatugusa sisi pia.

Hatua ya 7: Ratiba ya wiki

Hii haihitaji maneno mengi. Saa mbili asubuhi kila siku, robo saa tukiwa tumesimama: nani anakwenda wapi, funguo zipi, nauli kiasi gani. Jumatatu kikao cha saa moja na faili mezani. Ijumaa mchana hakuna kuonyesha nyumba, watu wanakwenda msikitini. Mara moja kwa mwezi nakaa na kila ajenti peke yake na namuuliza kuhusu kazi na kuhusu nyumbani. Mtu mwenye mtoto hospitalini akuambie wewe kabla hajaiangalia depositi ya mtu.

Hatua ya 8: Walinde wao pia

Ajenti wa kike anapigiwa simu saa kumi na mbili jioni na mwanamume asiyemjua, anataka kuonyeshwa nyumba tupu Casuarina. Hapana. Baada ya magharibi hatuonyeshi nyumba tupu, na mteja mpya hupitia ofisini kwanza, aache nakala ya kitambulisho. Nyumba za mbali wanakwenda wawili. Na ajenti akikwambia mteja fulani amemgusa au amemtolea maneno machafu, mteja huyo ndiye anayeondoka, hata kama ana pesa za jumba la ufukweni.

Hatua ya 9: Anapokosea

Tofautisha kosa la kutojua na kosa la kukusudia. Aliyesahau kuandika ufunguo anafundishwa, na inaandikwa. Aliyepokea kodi kwenye simu yake hafundishwi. Ila hata huyo, usimfukuze barabarani kwa hasira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mwajiriwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Nimeona mwenye ofisi aliyeibiwa akaishia kulipa fidia kwa sababu alimfukuza mwizi kwa ujumbe wa simu.

Mteja aliyeumia alipwe kwanza, hata kabla hujamaliza kuchunguza. Mji huu ni mdogo. Yule mama wa Muyeye ameniletea wapangaji wanne tangu siku ile.

Hatua ya 10: Anapoondoka

Ajenti akiacha kazi, kwa heri au kwa shari, siku hiyo hiyo fanya haya. Hesabu funguo moja moja mbele yake, asaini. Chukua fulana, kadi na kitabu cha risiti. Mwondoe kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za ofisi. Laini ya simu ya kazi iwe imesajiliwa kwa jina la ofisi tangu mwanzo, ili ibaki na wateja wake wote. Kokotoa kamisheni zake ambazo hazijaiva, mpe kwa maandishi tarehe utakazomlipa, na umlipe. Badilisha vitasa vya nyumba zote tupu alizokuwa nazo. Halafu wapigie wenye mali wake wote, mmoja mmoja, kwa sauti yako mwenyewe, uwaambie jina la atakayewahudumia kuanzia kesho, na usiseme neno baya juu ya aliyeondoka.